Njia za mkato za mipangilio ya skrini na eneokazi kwenye Windows

Mipangilio ya skrini yenyewe haiko mbali. Bofya kulia mahali patupu kwenye eneokazi (desktop), chagua "Display settings", umefika. Kazi iko kwenye vitu vilivyojificha nyuma yake: kuzungusha picha iliyolala ubavu, kuwasha mwanga wa usiku, kurudisha ikoni ya Recycle Bin iliyopotea, kuamua projekta ionyeshe picha ileile ya laptopu au nyingine. Vitu hivyo huhitaji mibofyo minne au mitano, na Microsoft ina tabia ya kuvihamisha kila toleo jipya likija. Aliyekariri njia kwenye Windows 7 alianza upya Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, na Windows 11 ya mwaka 2021 ikamchanganya tena.

Kisichohamahama sana ni anwani. Tangu Windows 10, karibu kila ukurasa wa Settings (programu ya mipangilio ya Windows) una anwani yake inayoanza na ms-settings: ikifuatwa na jina la ukurasa. Anwani hiyo haijali menyu zimepangwaje, wala haijali kama Windows yako iko kwa Kiingereza, Kifaransa au Kiswahili. Ndiyo maana njia ya mkato (shortcut) iliyojengwa juu ya anwani hudumu kuliko maelekezo ya "bofya hapa, kisha pale".

Jaribu kabla ya kutengeneza

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R. Kisanduku kidogo cha Run kitatokea chini kushoto. Andika:

ms-settings:display

Bonyeza Enter. Ukurasa wa skrini ukifunguka, anwani ni nzima na unaweza kuitengenezea njia ya mkato. Usiruke hatua hii. Hapa kosa linaonekana mara moja, ilhali ukishatengeneza ikoni, ukaibadilisha jina na kuipa herufi za kibodi, hutajua tatizo liko kwenye anwani au kwenye ikoni.

Anwani zinazofaa kwa kazi za skrini ni hizi:

ms-settings:display – ukubwa wa maandishi, wingi wa pikseli (resolution), mpangilio wa skrini mbili
ms-settings:nightlight – mwanga wa usiku, ule wa rangi ya machungwa unaopunguza bluu
ms-settings:screenrotation – mahali pa kugeuza picha
ms-settings:project – kupokea picha ya simu au kompyuta nyingine
ms-settings:powersleep – muda kabla skrini haijazima

Na za eneokazi:

ms-settings:personalization-background – picha ya nyuma
ms-settings:colors – rangi, pamoja na hali ya giza
ms-settings:themes – mandhari
ms-settings:lockscreen – skrini ya kufunga
ms-settings:taskbar – upau wa chini

Kwa mwenye macho yanayochoka, ongeza ms-settings:easeofaccess-display. Ukurasa huu una kidhibiti cha kukuza maandishi peke yake. Ni tofauti na ule wa kwanza, ambao hukuza kila kitu hadi madirisha mengine hayatoshi kwenye skrini ndogo.

Ikoni ya aina mbili, na kwa nini ya pili ni bora

Njia inayofundishwa sana ni hii: bofya kulia kwenye eneokazi, chagua "New", kisha "Shortcut". Dirisha litakuuliza mahali kitu kilipo. Andika ms-settings:display, bofya "Next", ipe jina, bofya "Finish". Inafanya kazi. Lakini kwa kuwa uliandika anwani tupu, Windows inaichukulia kama kiungo cha tovuti na kuhifadhi faili ya aina ya .url. Faili ya namna hiyo hufunguka vizuri ukiibofya mara mbili, ila haikubali kubandikwa moja kwa moja kwenye upau wa chini, na ikoni yake mara nyingi haina sura ya maana.

Kwa hiyo, kwenye kisanduku kilekile, andika hivi badala yake:

explorer.exe ms-settings:display

Kuna nafasi moja baada ya .exe, na hakuna nafasi kabisa baada ya nukta mbili. Ukibofya "Next", Windows itapendekeza jina "explorer.exe". Lifute, andika jina lako. Sasa umepata faili ya .lnk, yaani njia ya mkato kamili, inayobandikwa popote na kubadilishwa ikoni upendavyo.

Jina lisiwe na alama hizi: \ / : * ? " < > |. Windows inazikataa. Liwe jina utakalolitafuta bila kufikiri: "Skrini", "Mwanga wa usiku", "Geuza picha". Hakuna sababu ya kuandika Kiingereza hapa. Jina ni lako, anwani iliyo ndani ndiyo ya Microsoft.

Ikoni itakayokuja ni ile ya folda ya njano, kwa sababu programu iliyotajwa ni explorer. Ukiwa na njia tatu zenye sura moja, umejipotezea faida. Bofya kulia kwenye ikoni, chagua "Properties", kisha kitufe cha "Change Icon". Kwenye nafasi ya juu andika mojawapo ya mafaili haya, ubonyeze Enter:

%SystemRoot%\System32\imageres.dll
%SystemRoot%\System32\shell32.dll
%SystemRoot%\System32\ddores.dll

Ndani yake kuna ikoni nyingi, zikiwemo za monita na projekta. Ya tatu ni ya picha za vifaa, na ndiyo tajiri zaidi kwa kazi hii.

Kuipa herufi za kibodi

Kwenye "Properties" hiyohiyo kuna nafasi iliyoandikwa "Shortcut key". Bofya ndani yake, bonyeza herufi moja, mathalani S. Windows itaongeza Ctrl na Alt yenyewe, isomeke Ctrl + Alt + S. Bofya "OK".

Hapa ndipo wengi hukwama, na sababu ni moja: herufi hizo husikilizwa tu kama faili ya njia ya mkato iko kwenye eneokazi au ndani ya menyu ya Start. Ukiihamishia kwenye folda ya Documents, kibodi hunyamaza bila ujumbe wowote.

Dawa yake ni kuiweka menyu ya Start tangu mwanzo. Bonyeza Windows + R, andika shell:programs, bonyeza Enter. Folda itafunguka. Buruta ikoni zako kutoka kwenye eneokazi uziweke humo. Faida ni mbili: eneokazi linabaki safi na herufi zinaendelea kufanya kazi, pia ukibonyeza kitufe cha Windows na kuandika "mwanga", njia yako hutokea kwenye matokeo ya utafutaji. Mwenye kutumia kibodi vizuri hatahitaji ikoni ya kubofya tena.

Chagua herufi kwa uangalifu. Ctrl + Alt ikifuatwa na mishale iache, maana kwenye kompyuta zenye draiva (programu zinazoendesha kifaa) za zamani za Intel ndiyo inayogeuza skrini juu chini. Ctrl + Alt + Delete ni ya mfumo wenyewe. Programu iliyo wazi ikiwa imeshajitwalia mchanganyiko fulani, njia yako haitaitikia ukiwa ndani ya programu hiyo. Unaweza pia kutumia F-funguo peke yake, kama F9, lakini laptopu nyingi zimeweka sauti na mwangaza kwenye safu hiyo, hivyo utalazimika kushika Fn pia.

Kubandika kwenye upau wa chini ni rahisi zaidi: kwenye Windows 10 bofya kulia kwenye ikoni uchague "Pin to taskbar". Kwenye Windows 11, kama huoni chaguo hilo, bofya kwanza "Show more options".

Vitu visivyo na anwani ya ms-settings

Baadhi ya madirisha ya zamani yangali yapo, na hayafunguki kwa anwani. Yana programu zake. Andika hizi kwenye kisanduku cha njia ya mkato jinsi zilivyo.

Ikoni za eneokazi, yaani kurudisha "This PC" au Recycle Bin:

rundll32.exe shell32.dll,Control_RunDLL desk.cpl,,0

Kihifadhi skrini:

rundll32.exe shell32.dll,Control_RunDLL desk.cpl,,1

Koma mbili hufuatana bila nafasi. Na herufi kubwa za Control_RunDLL si mapambo: rundll32 hutafuta jina hilo kama lilivyoandikwa, ukiandika herufi ndogo hailioni. Hii ni tofauti na anwani za ms-settings, ambazo hazijali herufi kubwa wala ndogo.

Nyingine ni fupi. cttune.exe hurekebisha maandishi yanayoonekana na ukungu, hasa ukiunganisha monita ya nje. dccw.exe hurekebisha rangi hatua kwa hatua. colorcpl.exe ni ya wasifu wa rangi, inayowafaa wapiga picha na wachapishaji.

Projekta na skrini ya pili

Hapa ndipo njia za mkato zinapolipa kweli, kwa mwalimu, kwa anayeendesha nyimbo na maandiko kanisani, kwa katibu wa kikao. Njia ya kawaida ni Windows + P, halafu unachagua. Lakini Windows ina programu iitwayo DisplaySwitch.exe inayofanya uchaguzi huo moja kwa moja. Tengeneza njia ya mkato kwa kila hali unayoitumia:

DisplaySwitch.exe /clone – picha ileile pande zote mbili
DisplaySwitch.exe /extend – skrini ya pili iwe nafasi ya ziada
DisplaySwitch.exe /external – projekta peke yake
DisplaySwitch.exe /internal – laptopu peke yake

Kwenye baadhi ya matoleo ya Windows 11 maneno hayo hayaitikiwi. Badala yake tumia namba: 1 ni laptopu peke yake, 2 ni picha ileile, 3 ni nafasi ya ziada, 4 ni projekta peke yake. Mfano: DisplaySwitch.exe 3. Jaribu neno kwanza kwenye Run. Lisipobadili kitu, jaribu namba.

Kama ni za kuchagua mbili tu, chagua /clone na /extend, na kila moja uipe herufi zake. /external ni hatari kidogo, kwa sababu kebo ikilegea utabaki na skrini nyeusi mbele ya watu. Ikitokea, bonyeza Ctrl + Windows + Shift + B ili draiva ya picha iwashwe upya. Skrini itapepesa mara moja. Picha isiporudi, bonyeza Windows + P, subiri sekunde moja, kisha bonyeza tena P na Enter ili uhamie hali nyingine hata bila kuona. Dirisha lililobaki upande wa skrini isiyoonekana livute kwa Windows + Shift + mshale.

Kuna kero nyingine ya mikutanoni: skrini kuzima katikati ya maelezo. Hii nayo ina njia yake. Tengeneza ikoni mbili. Ya kwanza, "Skrini isizime":

powercfg.exe /change monitor-timeout-ac 0

Ya pili, "Skrini kama kawaida":

powercfg.exe /change monitor-timeout-ac 10

Namba ni dakika, na sifuri maana yake usizime kamwe. Sehemu ya -ac huhusu kompyuta ikiwa kwenye umeme. Kwa betri andika -dc. Dirisha jeusi litawaka na kupotea kwa nukta ya sekunde, si hitilafu. Kama linakuudhi, fungua "Properties" na kwenye "Run" chagua "Minimized". Usisahau ikoni ya pili baada ya kikao, maana skrini isiyozima usiku kucha hula umeme bure.

Mwanga wa usiku hauna amri rasmi ya kuuwasha na kuuzima. Njia ya mkato inakufikisha kwenye ukurasa wake, kubofya unabofya mwenyewe. Kama unauwasha na kuuzima kila siku, Windows + A ni haraka zaidi: paneli ya pembeni ina kitufe chake.

Kuongeza kwenye menyu ya kubofya kulia

Hii ni kwa asiyeogopa rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya ndani ya mfumo. Fungua regedit, nenda HKEY_CURRENT_USER\Software\Classes. Bofya kulia kwenye Classes, chagua "Export", uhifadhi nakala kabla ya kugusa chochote. Kisha tengeneza ufunguo DesktopBackground kama haupo, ndani yake shell, ndani yake MwangaWaUsiku, na ndani ya huo command. Kwenye MwangaWaUsiku, thamani ya "(Default)" iandike Mwanga wa usiku. Kwenye command, thamani ya "(Default)" iandike:

explorer.exe ms-settings:nightlight

Bofya kulia kwenye eneokazi uangalie. Kwenye Windows 11 mstari wako hauko kwenye menyu mpya. Uko ndani ya "Show more options", au ubonyeze Shift + F10. Kwa maoni yetu, kwenye Windows 11 mzunguko huo unaondoa maana ya kazi yote. Herufi za kibodi zinatosha. Kwenye Windows 10 inapendeza.

Kompyuta nyingine

Windows 7 haina Settings, hivyo anwani za ms-settings hazifanyi kitu humo. Tumia desk.cpl kufungua wingi wa pikseli, na control desktop kwa mandhari. Kwenye Ubuntu yenye GNOME amri ni gnome-control-center display, na kwa picha ya nyuma gnome-control-center background. Unaiweka kwenye mikato maalumu ndani ya mipangilio ya kibodi. Linux Mint yenye Cinnamon hutumia cinnamon-settings display. Kwenye kibodi ya Mac, shika Option kisha bonyeza kitufe cha mwangaza, na mipangilio ya skrini hufunguka bila kutengeneza chochote.

Isipofanya kazi

Settings inafunguka, lakini kwenye ukurasa wa mbele badala ya ule ulioutaka. Hilo ni kosa la tahajia kwenye jina la ukurasa. Windows haikulaumu, inakupeleka mlangoni tu. Angalia hasa kistari kwenye majina kama personalization-background. Ukinakili anwani kutoka WhatsApp au Word, kistari kifupi huweza kugeuka kirefu, na alama za kunukuu zilizonyooka hugeuka za kupinda. Zifute uziandike upya kwa mkono.

Windows inakuomba utafute programu ya kufungulia kiungo. Umekosea upande wa kushoto wa nukta mbili. Ni ms-settings, yenye "s" mwishoni.

Ukurasa umefunguka ila kidhibiti hakipo: mwangaza hauonekani, au mwanga wa usiku umefifia haubofyeki. Njia yako haina kosa. Andika devmgmt.msc kwenye Run, fungua "Display adapters". Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", draiva halisi ya picha haijawekwa, jambo la kawaida kwenye kompyuta iliyopigwa Windows upya. Weka draiva ya mtengenezaji. Kompyuta ya mezani nayo kwa kawaida haina kidhibiti cha mwangaza ndani ya Windows, unatumia vitufe vya monita.

Kurasa za picha ya nyuma na rangi zote zimefifia. Angalia kama Windows imewezeshwa kwa leseni, maana isiyowezeshwa hufunga sehemu hiyo.

Umebadilisha wingi wa pikseli na skrini ikawa nyeusi. Usiguse kitu kwa sekunde 15. Usipothibitisha, Windows inarudisha mpangilio wa awali yenyewe.

Unataka kuzipeleka njia zako kwenye kompyuta nyingine kwa flash. Zitafanya kazi, lakini zifunge kwanza ndani ya zip. Virusi vya flash vinavyojifanya njia za mkato vimewafunza watu kufuta kila .lnk wanayoiona, na wana haki. Ukipokea ya mtu mwingine, usiibofye mara mbili. Fungua "Properties" usome "Target". Hizi zetu huanza na C:\Windows na kuishia kwenye amri unayoweza kuisoma. Ukiona cmd.exe au wscript.exe ikifuatwa na jina la faili usiyoijua, ifute.

Mwisho, kompyuta ya ofisini au maabara ya shule. Msimamizi anaweza kuficha kurasa za Settings, na ukurasa uliofichwa ukiitwa kwa anwani yake, unaletewa ukurasa wa mbele, sawasawa na aliyekosea tahajia. Kwa hiyo kama anwani ileile inafunguka vizuri nyumbani lakini si kazini, acha kuhangaika na herufi. Madirisha ya zamani kama desk.cpl nayo yakifungwa hutoa ujumbe kwamba kuna vizuizi kwenye kompyuta hiyo. Anayeweza kuviondoa ni msimamizi peke yake. Windows + P kwa projekta kwa kawaida huwa imeachwa wazi.